Kusoma dai la mchakato wa kikemia kwenye rufani ya hataza: mwongozo kwa watafiti, wenye karakana na mawakili wa Arusha na Moshi

Anayeingia kwenye rufani ya hataza ya kikemia (hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hudhani anakwenda kubishana kuhusu kemia. Akifika anakuta kemia haina ugomvi: pande zote zinakubaliana nini kilitiwa kwenye tanuru, kwa joto gani na kwa saa ngapi. Kinachogombaniwa ni maneno matano au sita ndani ya dai, yaani sentensi inayoweka mipaka ya kile ambacho hataza inalinda, pamoja na tarakimu mbili tatu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyasoma maneno hayo. Umeandikwa kwa ajili ya mtafiti wa Tengeru ambaye ombi lake limekataliwa, mwenye karakana wa Moshi anayeambiwa ametumia uvumbuzi wa mwenzake, na wakili ambaye aliagana na kemia kidato cha nne.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kuzunguka Mlima Meru, maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huko yanaonyesha hivyo. Mkaa wa mifupa hunasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Dai lifuatalo tumelitunga kwa kufundishia tu, si la hataza ya mtu yeyote:

"Dai la 1. Mchakato wa kutengeneza kichujio cha kuondoa floraidi majini, unaojumuisha: kuponda mifupa ya ng'ombe kuwa chembe za milimita 0.5 hadi 3, kuchoma chembe hizo kwenye hewa hafifu kwa nyuzi joto 450 hadi 550 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 4, kuosha mkaa uliopatikana kwa maji hadi maji ya kuoshea yafikie pH ya takriban 8, na kuukausha."

Lisome mara mbili kabla hujaendelea. Lina mitego saba au zaidi.

Hatua ya 1: Pata dai lenyewe

Ombi la hataza hubadilika njiani. Dai lililowasilishwa siku ya kwanza, dai lililorekebishwa baada ya barua ya mkaguzi, na dai lililoamuliwa mwishoni yanaweza kutofautiana kwa neno moja tu, na kesi nzima ikawa juu ya neno hilo. Weka mezani ombi kama lilivyowasilishwa, pamoja na maelezo (sehemu ya hati inayoeleza uvumbuzi) na mifano yake yote. Kila toleo la madai lililofuata, likiwa na tarehe. Barua zote kati ya mwombaji na ofisi. Nyaraka za zamani alizozitaja mkaguzi. Na uamuzi unaokatiwa rufani. Hataza iliyotolewa na ARIPO (Shirika la Kikanda la Miliki Ubunifu la Afrika) ikiitaja Tanzania huwa na nguvu hapa kama hataza ya kitaifa, lakini ukaguzi wake ulifanyika Harare. Jalada la mawasiliano liombe huko, na uliombe mapema.

Kuhusu muda, usibahatishe. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hutoa miezi 2 ya kuwasilisha notisi ya rufani na miezi 4 ya kuwasilisha hoja, yote ikihesabiwa tangu uamuzi ulipofikishwa. Kwa ARIPO na BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), fuata kifungu kilichotajwa kwenye barua ya uamuzi, na uhesabu siku kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua hata kama ilikufikia baadaye. Hesabu hiyo ndiyo iliyo salama.

Kisha soma uamuzi ukiwa na penseli. Tafuta sentensi ambamo mwamuzi alisema neno fulani lina maana gani. Mara nyingi huikuti: alilitumia neno kwa maana aliyoiona, akaenda moja kwa moja kulinganisha. Hapo weka alama kubwa. Maana iliyotumika bila kutajwa ni maana isiyotolewa sababu, na kamba hukatikia pabovu.

Hatua ya 2: Katakata dai vipandevipande

Kila kitu kinachoweza kuwepo au kukosekana peke yake kipe namba yake:

1.0 mchakato wa kutengeneza kichujio cha kuondoa floraidi majini
1.1 unaojumuisha
1.2 kuponda mifupa ya ng'ombe kuwa chembe za milimita 0.5 hadi 3
1.3 kuchoma chembe hizo
1.4 kwenye hewa hafifu
1.5 kwa nyuzi joto 450 hadi 550
1.6 kwa saa 2 hadi 4
1.7 kuosha mkaa uliopatikana kwa maji
1.8 hadi maji ya kuoshea yafikie pH ya takriban 8
1.9 kuukausha

Kosa la kawaida ni kuunganisha 1.5 na 1.6 kwa sababu vimekaa sentensi moja. Karakana inayochoma kwa nyuzi 500 kwa dakika 50 imetimiza kimoja na kukosa kingine, na ukiviunganisha huoni tofauti hiyo.

Pembeni chora safu tatu: maana unayopendekeza; ukurasa na mstari wa maelezo unaoiunga mkono; na mwisho kile anachofanya mpinzani, au kile kinachosemwa na waraka wa zamani. Safu ya tatu iache tupu mpaka mbili za kwanza zijae. Ukianza na mchakato wa mpinzani, jicho litavuta maana ya neno kuelekea unakotaka, na jopo la rufani litaligundua hilo ndani ya dakika tano.

Kipengele 1.0 usikiruke kwa kudhani ni utangulizi. Mkaa wa mifupa ulitumika kusafisha sukari tangu karne ya 19, miaka mingi kabla haujatumika kwa floraidi. Ikiwa maneno "cha kuondoa floraidi" yanamaanisha tu "kinachofaa kuondoa floraidi", basi waraka wa zamani wa kiwanda cha sukari unaoeleza kuponda, kuchoma, kuosha na kukausha kwa vipimo vilevile unaweza kuua upya wa dai lote (sharti kwamba uvumbuzi uwe haujawahi kujulikana), kwa kuwa mkaa ule nao ungefaa. Ikiwa yanamaanisha kazi inayofanyika kweli, waraka huo hauligusi. Amua mapema, kisha utafute kwenye maelezo kinachokuunga mkono.

Hatua ya 3: Kiunganishi

Hati za ARIPO huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yapo maneno mawili ya kuyajua kwa sura. "Comprising" huacha mlango wazi: hatua zilizotajwa lazima ziwepo, na nyingine zinaweza kuongezwa. "Consisting of" hufunga mlango: hizo tu. Mwenye karakana anayesema "mimi naongeza hatua ya kuloweka mifupa kwenye magadi kwanza, kwa hiyo si mchakato wake" amejitetea vizuri dhidi ya dai lililofungwa. Kwa dai lililo wazi hajajitetea hata kidogo. Kwenye tafsiri ya Kiswahili tumia "unaojumuisha" kwa la kwanza na "unaoundwa na hatua hizi pekee" kwa la pili. "Wenye" peke yake lina utata, liepuke.

Hatua ya 4: Je, mpangilio wa hatua unafunga?

Kuorodhesha hatua kwa mfuatano hakumaanishi kwamba lazima zifanyike hivyo. Mahakama za Marekani hujiuliza maswali mawili, na hata anayefanya kazi Arusha yanamsaidia. Kwanza, je, mantiki au sarufi ya dai inalazimisha mpangilio huo? Kama hailazimishi, je, maelezo yanaulazimisha, kwa wazi au kwa namna yanavyoeleza uvumbuzi?

Kwenye mfano wetu, 1.7 inasema "mkaa uliopatikana". Huwezi kuosha mkaa ambao haujapatikana, kwa hiyo kuosha kunafuata kuchoma, bila ubishi. Kipengele 1.3 kinasema "chembe hizo". "Hizo" zipi? Zile za 1.2. Basi kuponda kunatangulia kuchoma, na kinachofunga ni kiashiria kimoja chenye herufi nne. Lingesema "kuchoma mifupa", jibu lingekuwa jingine kabisa.

Tofauti hii ina uzito kwenye karakana, kwa sababu mfupa uliochomwa hupondeka kirahisi kuliko mbichi. Anayefanya kazi kwa mikono na kinu kidogo atapenda kuchoma kwanza. Mfupa mzima ukiingia kwenye tanuru, joto huchelewa kufika katikati. Chembe ndogo hupata moto karibu sawasawa. Mwenye hataza anayesema mpangilio si kitu ataulizwa kwa nini basi maelezo yake yanasifu mkaa wenye rangi moja ndani na nje.

Hatua ya 5: Tarakimu

Hapa kaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Madai ya mchakato hushindwa au kushinda kwenye mipaka ya tarakimu.

Anza na kuzungusha. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ya England na Wales iliamua shauri la Smith & Nephew dhidi ya ConvaTec, kuhusu mchakato wa kuweka madini ya fedha kwenye nyuzi za kufungia vidonda. Dai lilitaka kiambata kiwe kati ya 1% na 25%. Mshtakiwa alitumia 0.77%. Kwa macho ya kawaida yuko nje ya dai. Mahakama ikasema msomaji mtaalamu angeona mipaka imeandikwa kwa namba nzima, hivyo angezungusha kwenda namba nzima iliyo karibu: dai linaanzia 0.5% na kuishia chini ya 25.5%. Kwa hiyo 0.77% iko ndani.

Usiichukue hukumu hiyo kama kanuni ya kila mahali. Ichukue kama njia ya kuuliza: mwandishi wa hati hii alihesabu kwa ukaribu gani? Kwenye 1.5 kuna 450 na 550. Fungua mifano ya maelezo. Ikiwa majaribio yalifanyika kwa nyuzi 475, 500 na 525, mwandishi alihesabu kwa hatua za 25, na kusema kwamba 449 iko nje ni kulisoma dai kwa lugha ambayo mwandishi hakuitumia. Ikiwa yameandikwa 452 na 548, alihesabu kwa nyuzi moja moja, na 440 iko nje. Angalia pia kama neno "takriban" lipo. Kwenye dai letu lipo kwa pH na halipo kwa joto, na msomaji makini atasema kutokuwepo kwake kwenye joto ni kwa makusudi.

Baada ya kuzungusha, uliza kipimo kilichukuliwa wapi na kwa nini. Joto la nyuzi 450 hadi 550: ni la ukuta wa tanuru, la hewa ndani yake, au la katikati ya rundo la mifupa? Themokapo (kipimajoto cha waya) iliyofungwa ukutani inaweza kusoma 550 wakati katikati ya rundo bado kuko chini sana. Saa 2 hadi 4 zinaanza lini: unapowasha, tanuru linapofikia 450, au rundo linapofikia 450? Na kwenye 1.8, pH inapimwa maji yakiwa ya moto au yamepoa? Kama maelezo yako kimya, uliza mtaalamu wa fani angepima vipi siku ombi lilipowasilishwa, kisha upate ushahidi wa maandishi wa desturi hiyo: mwongozo wa maabara, kitabu cha kiada, utaratibu wa kituo. Maoni matupu hayatoshi.

Asilimia ni shimo jingine. Chukua dai linalotaja "asidi ya hidrokloriki ya 10%". Chupa ya dukani ya asidi kali huwa na 37% kwa uzito. Fundi wa maabara akichukua mililita 10 za chupa hiyo na kujaza maji hadi mililita 100, huandika "10%" kwenye lebo. Piga hesabu: mililita 10 zina uzito wa gramu 11.8 hivi, na 37% yake ni gramu 4.4 za asidi yenyewe ndani ya mililita 100. Lebo inasema 10, asidi halisi ni 4.4. Pande mbili zinaweza kubishana mwaka mzima juu ya "10%" bila kujua kwamba kila mmoja ana chupa tofauti kichwani. Kwa hiyo andika mara zote: asilimia ya nini, kwa uzito au kwa ujazo, ya dutu tupu au ya chupa ya dukani.

Mfano mzito zaidi wa kipimo kisichotajwa ni wa Teva dhidi ya Sandoz, uliofika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani na kuamuliwa Januari 2015. Dai la dawa ya Copaxone lilitaja uzito wa molekuli wa kilodaltoni 5 hadi 9. Dawa ile ni mchanganyiko wa molekuli za ukubwa mbalimbali, na kuna wastani wa aina tatu unaoweza kuitwa "uzito wa molekuli", kila mmoja ukitoa namba yake. Upande mmoja ulisema mtaalamu angejua ni upi. Upande mwingine ulisema dai halieleweki. Lilikuwa ni neno moja tu, na lilitosha kuweka hataza nzima hatarini.

Ukubwa wa chembe kwenye 1.2 una tabia hiyohiyo. Chekeche hupima upana mdogo wa chembe inayopita tunduni. Kipande chembamba chenye urefu wa milimita 5 hupita kwenye chekeche la milimita 3. Ukipima kwa rula utasema kiko nje ya dai, ukipima kwa chekeche utasema kiko ndani. Taja kifaa.

Hatua ya 6: Vihusishi vidogo

Mwaka 2004 mahakama ya rufani ya Marekani inayoshughulikia hataza ilipokea shauri la Chef America dhidi ya Lamb-Weston. Dai lilieleza kupasha moto donge la unga lililopakwa rojo "to" joto la takriban nyuzi 400 hadi 850 za Farenhaiti, yaani kama 204 hadi 454 za Selsiasi. Kila mpishi anajua maana iliyokusudiwa ni oveni iwe kwenye joto hilo. Lakini maneno yalisema donge lenyewe lifikie joto hilo, na donge linalofikia joto hilo hugeuka mkaa. Mwenye hataza aliiomba mahakama isome "at" badala ya "to". Mahakama ikakataa: maneno yako wazi, na si kazi yake kuliandika dai upya.

Kwa Kiswahili mtego huo ni "hadi" dhidi ya "kwa" au "kwenye". "Kuchoma chembe hadi nyuzi 500" huzungumzia chembe. "Kuchoma chembe kwenye tanuru la nyuzi 500" huzungumzia tanuru. Dai letu limesema "kuchoma chembe hizo … kwa nyuzi joto 450 hadi 550", na hapo kila upande una nafasi ya kuvuta kwake. Mtetezi wa maana ya tanuru ataonyesha mifano ya maelezo inayotaja usomaji wa themokapo ya ukutani. Mtetezi wa maana ya chembe ataonyesha sababu ya kikemia ya mipaka yenyewe: mfupa usioiva hubaki na mabaki ya mafuta na nyama yanayotia maji harufu na ladha mbaya, na ulioiva kupita kiasi huwa mweupe na kupoteza uwezo wa kunasa floraidi. Vyote viwili hutegemea joto la mfupa wenyewe. Sisi tungeegemea upande wa pili, ila tu pale ambapo maelezo yanataja sababu hizo. Kama hayataji, hoja inakuwa ya mtaalamu wa leo anayelisaidia dai, na jopo litaipa uzito mdogo.

Hatua ya 7: Maelezo na jalada

Maelezo yanatumika kuelewa dai. Hayatumiki kulipunguza wala kulipanua. Kwa muda mrefu Ulaya walibishana kama maelezo yafunguliwe hata pale dai linapoonekana wazi. Tarehe 18 Juni 2025 Bodi Kuu ya Rufani ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi G 1/24, ilisema yaangaliwe kila mara. Ni msimamo tunaouunga mkono, kwa kuwa dai la kemia linaloonekana wazi kwa wakili mara nyingi halionekani wazi kwa mkemia.

"Hewa hafifu" ya 1.4 ni mfano. Peke yake haipimiki. Maelezo yakisema "oksijeni isiyotosha kuunguza mkaa kuwa majivu", umepata maana ya kikazi, na pipa lililofunikwa kifuniko kizito limo. Maelezo yakionyesha pipa hilo kama mfano mmoja tu, usiseme "hewa hafifu ni pipa lililofunikwa". Hapo umeingiza mfano ndani ya dai. Kipimo kizuri cha haraka: maana unayopendekeza ikiwatoa nje ya dai mifano yote ya mwandishi mwenyewe, karibu kila mara umekosea.

Jalada la mawasiliano hujibu swali la kwa nini neno liliongezwa. Shauri la Warner-Jenkinson dhidi ya Hilton Davis, Marekani mwaka 1997, lilihusu kusafisha rangi kwa kuipitisha kwenye utando wenye matundu madogo. Wakati wa ukaguzi mwombaji aliongeza pH ya takriban 6.0 hadi 9.0. Mpaka wa 9 ulikuwa na sababu inayojulikana: hataza ya zamani ilikuwa ikifanya kazi juu ya pH hiyo. Mpaka wa 6 haukuwa na maelezo. Mshtakiwa alitumia pH 5.0. Mahakama ilisema pale ambapo sababu ya marekebisho haijaelezwa, ichukuliwe kuwa yalifanywa kwa ajili ya kupata hataza, na mwenye hataza ndiye abebe mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Kwa hiyo unapojibu barua ya mkaguzi leo, andika sababu ya kila tarakimu unayoongeza. Sentensi mbili zinatosha, na ndizo utakazozitafuta rufanini.

Hatua ya 8: Maana moja kwa pande zote mbili

Hiki ndicho kipimo cha mwisho na ndicho tunachokithamini kuliko vyote. Maana unayoichagua lazima uitumie ileile unapolinda hataza dhidi ya waraka wa zamani na unapomshika mkiukaji.

Tuseme kuna waraka wa zamani, tuuite W1, unaoeleza kuchoma mifupa mizima ya ng'ombe ndani ya pipa lililofunikwa kwa nyuzi 500 kwa saa 3, kisha kuiponda kufikia milimita 1 hadi 2, kuiosha mpaka pH 8 na kuikausha, kwa ajili ya kuchuja floraidi. Na kuna karakana ya Moshi inayofanya hivyohivyo. Mwenye hataza akisema mpangilio haufungi, karakana imo ndani ya dai, lakini W1 nayo imo, na dai linakosa upya. Akisema "chembe hizo" inafunga mpangilio, W1 inatoka na hataza inapona, ila karakana inatoka nayo. Hakuna usomaji wa tatu. Ukiwa upande wa karakana, iweke hoja hii ukurasa wa kwanza wa majibu yako. Ukiwa upande wa mwenye hataza, ifahamu kabla hujatumia hata shilingi ya nauli.

Hatua ya 9: Visawe

Dai lisipotimizwa kwa maneno, bado kuna swali la tofauti isiyo ya maana. Mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, katika shauri la Actavis dhidi ya Eli Lilly, iliamua kuhusu dai lililotaja pemetreksedi disodiamu (chumvi moja ya dawa ya saratani) wakati mshindani alitumia pemetreksedi yenyewe au chumvi zake nyingine. Maswali yake ni matatu: je, kibadala kinaleta matokeo yaleyale kimsingi kwa njia ileile kimsingi? Je, mtaalamu akiambiwa kwamba kinaleta matokeo hayo angeona wazi kwamba njia ni ileile? Na je, pamoja na hayo, msomaji angehitimisha kwamba mwenye hataza alikusudia neno lake lifuatwe kikamilifu? Eli Lilly alishinda. Hukumu za Uingereza na Marekani hazizifungi mahakama zetu. Hutumika kushawishi, na zinashawishi zaidi ukieleza sababu yake kuliko ukitaja jina tu.

Bidhaa inayotokana na mchakato nayo isikusahaulike. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, kifungu cha 28, unataka hataza ya mchakato ilinde pia bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwa mchakato huo, na kifungu cha 34 kinaeleza mazingira ambamo mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba bidhaa yake imetengenezwa kwa njia nyingine. Ndiyo maana mwenye karakana anapaswa kutunza daftari la tanuru: tarehe, uzito wa mifupa, usomaji wa joto kila nusu saa, mahali themokapo ilipokaa, na sahihi ya aliyekuwa zamu.

Hatua ya 10: Kuandika hoja ya rufani

Jua kwanza jopo linaangalia nini. Kwenye Teva, mahakama ilitofautisha: maana ya dai kwa ujumla ni suala la sheria na rufani huliangalia upya, lakini matokeo ya ushahidi wa mashahidi wataalamu hayavurugwi ila kwa kosa lililo wazi. Mbele ya Bodi za Rufani za Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2020 zinabana sana hoja na ushahidi mpya. Kwa vyovyote, shahidi wako wa kemia mlete ngazi ya kwanza. Na kiapo chake kieleze fundi wa kawaida wa fani angesoma nini; profesa anayeeleza anachojua yeye peke yake hasaidii.

Hoja yenyewe iwe fupi na ifuate mpangilio huu: kipengele, maana iliyotumiwa na mwamuzi, kosa, maana sahihi, uthibitisho, athari. Kwa mfano: "Kwenye kipengele 1.3, Msajili alisoma 'chembe hizo' kana kwamba inajumuisha mifupa ambayo haijapondwa. Kiashiria 'hizo' kinarejea chembe za kipengele 1.2. Usomaji huo unathibitishwa na ukurasa wa 4, mstari wa 11 hadi 18, unaoeleza kwamba kuponda kabla ya kuchoma ndiko kunakotoa mkaa wenye rangi moja. Kwa kuwa W1 huchoma mifupa mizima, hauonyeshi kipengele 1.3." Hoja tatu za aina hiyo zina nguvu kuliko kurasa 30 za historia ya floraidi. Pale kanuni zinaporuhusu, ambatisha seti ya akiba ya madai yenye mpaka uliobanwa zaidi, na kila neno jipya lionyeshe lilikotoka kwenye ombi la awali. Nambari iliyobuniwa siku ya rufani itatupwa.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Dai la ARIPO likitafsiriwa, liambatishwe na asili yake ukurasa unaotazamana nalo, kipengele kwa kipengele, kwa namba zilezile za jedwali lako. Kagua nukta za desimali kwa mkono, moja baada ya nyingine: 0.5 iliyopoteza nukta wakati wa kunakiliwa inakuwa milimita 5, na chembe ya milimita 5 haimo kwenye dai lolote ulilokuja kulitetea.